Ile [31m haikuwa milioni 31

Mhasibu wetu mkuu hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo. Ukiona namba ya orofa ya pili inaita kabla ya saa tatu asubuhi, ujue kuna pesa imepungua au kuna pesa imezidi, na kwake yote mawili ni msiba. Siku hiyo alianza bila salamu.

"Kijana, hii milioni thelathini na moja ni ya nani?"

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, ofisi zake ziko Upper Hill, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kupokea malipo ya wateja kwa simu na kuyalinganisha na vitabu. Kila alfajiri skripti fulani, programu ndogo ya amri zilizopangwa, ilipitia orodha hizo mbili, kisha ikatuma ripoti kwa barua pepe. Asubuhi hiyo kila muamala uliokosa mwenzake ulikuwa umeandikwa hivi:

[31mHAUJALINGANA[0m

Kwa mtu anayeshinda na hesabu hapa Nairobi, 31m ni shilingi milioni 31, basi. Na kwa kuwa kila mstari uliishia na 0m, mama wa watu alikwisha kusoma kisa kizima: pesa zilikuwepo, sasa salio ni sufuri. Nikamwambia, "Madam, hiyo si pesa. Hiyo ni rangi nyekundu."

Akanyamaza. Nilisikia akibofyabofya. "Sasa mbona ni nyeusi?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri zaidi kuhusu terminali, lile dirisha la kuandikia kompyuta amri, hata na watu waliosomea kompyuta. Yeye nilimpa jibu fupi maana alikuwa na benki inamsubiri. Jibu refu ni hili.

Programu inayoendeshwa kwenye terminali, iwe `ls` ya kuorodhesha faili, `grep` ya kutafuta maneno au `git` ya kutunza matoleo ya kazi, haina brashi wala rangi. Inachotoa ni baiti zinazofuatana moja nyuma ya nyingine, na nyingi kati ya hizo ni herufi za kawaida. Ikitaka neno liwe jekundu, inachomeka baiti namba 27 katikati ya maneno, ile ya kitufe cha Esc, ikifuatiwa na mabano ya mraba, namba 31 na herufi m. Terminali ikikutana na 27 inaelewa kwamba kinachofuata ni agizo, si maandishi. Inalimeza agizo, inabadilisha wino, inaendelea kuandika mpaka ikutane na agizo lingine, kwa kawaida lile la namba 0 linalosema rudi kama ulivyokuwa. Namba 30 hadi 37 ni rangi za maandishi, kuanzia nyeusi, nyekundu na kijani hadi nyeupe. 40 hadi 47 ni hizo hizo zikiwekwa nyuma ya maandishi. Programu ya barua pepe haijui mambo haya. Baiti 27 haina umbo, kwa hiyo haikuonekana, na mkia wake ukabaki unaning'inia mbele ya macho ya mhasibu: [31m.

Kwa hiyo rangi haijashikamana na neno. Rangi ni ombi linalosafiri katika mfereji mmoja na maneno, na kama aliye mwisho wa mfereji halielewi, litamfikia likiwa takataka.

Mpango huu ni wa zamani kuliko wengi wetu. Toleo la kwanza la kiwango cha ECMA-48, kinachoeleza maagizo haya, lilitoka 1976, na Marekani nao wakatoa chao, ANSI X3.64, mwaka 1979. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na lugha yake ya kuiambia skrini ijifute au isogeze kasa (ile alama inayoonyesha herufi itakayofuata itaandikwa wapi), na mwandishi wa programu alilazimika kuzijua zote. Ndiyo maana mwandishi wa programu Bill Joy, akiwa chuo kikuu cha Berkeley, alitengeneza termcap mwishoni mwa miaka ya 1970: faili moja lenye orodha ya terminali na kinachoeleweka na kila moja. Kigeu cha TERM (kigeu ni jina linalobeba thamani ambayo programu huisoma) ulicho nacho kwenye kompyuta yako leo, chenye thamani kama `xterm-256color`, ni mjukuu wa kazi hiyo. Kisha ikaja terminali ya VT100 ya kampuni ya DEC, mwaka 1978, ikafuata maagizo ya kiwango kile, ikauzwa sana, na programu za terminali za leo bado zinajifanya VT100 ndani kwa ndani. VT100 yenyewe haikuwa na rangi. Ilikuwa na mwandiko mzito, mstari wa chini, kumetameta na kugeuza weusi kwa weupe.

Ukitaka kuona ni kiasi gani rangi ni ombi tu, uliza 31 ni nyekundu gani. Kiwango kinasema nyekundu, kikaishia hapo. Kwenye kadi za picha za VGA ilikuwa nyekundu ya kiasi cha 170 kati ya 255. Kwenye programu ya terminali iitwayo xterm ni 205. Kwenye dirisha jeusi la Windows la zamani ilikuwa 128, nyekundu ya damu iliyokauka. Njano ndiyo ina kituko zaidi: skrini ya IBM 5153 ya miaka ya 1980 ilikuwa na saketi maalumu ya kupunguza kijani ndani ya njano hafifu, kwa hiyo ulichokiona ni kahawia. VGA ikarithi kahawia hiyo, na Linux ukiiendesha bila madirisha bado unaweza kuikuta. Mwandishi wa programu aliyeomba njano alipewa kahawia na hakuwa na pa kushtaki.

Baadaye namba ziliongezeka. Kuna rangi 256: zile 16 za msingi, nyingine 216 zinazotokana na ngazi sita za nyekundu, sita za kijani na sita za buluu, na vivuli 24 vya kijivu. Halafu kuna rangi kamili, zaidi ya milioni 16, ambapo unataja kiasi cha kila rangi moja kwa moja. Sina mengi ya kusema juu ya hizi isipokuwa kwamba programu inayojichagulia rangi kamili imemnyang'anya msomaji haki yake. Nikipanga terminali yangu iwe na nyekundu ninayoweza kuisoma, 31 itaniletea hiyo. Programu ikiomba nyekundu kwa vipimo vyake, mpangilio wangu haunisaidii tena.

Sasa, kwa nini `ls` haimsumbui mhasibu kila siku? Ukiandika `ls` mbele ya macho yako, folda zinakuja na buluu. Ukiandika `ls > orodha.txt`, yaani majibu yaende kwenye faili, faili linatoka safi, halina hata baiti moja ya 27. Hukuiambia chochote. Ilijuaje?

Mnairobi yeyote anafanya jambo hili bila kufundishwa. Akiwa stejini na rika lake ni Sheng tupu; simu ya shangazi aliyeko Kilifi ikiingia, Kiswahili kinanyooka hapo hapo; akikaa mbele ya jopo la mahojiano ya kazi, ni Kiingereza cha tai. Kabla hajafungua mdomo anatazama nani anasikiliza. Programu nazo zina jicho hilo, na jina lake ni `isatty`. Ni kazi ndogo inayokiuliza kiini cha mfumo swali moja: huku ninakoandikia kuna terminali, au kuna kitu kingine? Ikijibiwa ni terminali, rangi zinatoka. Ikiwa ni faili, au ni programu nyingine inayosubiri upande wa pili wa alama ya |, rangi zinafichwa. Herufi tty ndani ya jina hilo zimebaki tangu enzi za teletaipu, mashine zilizochapa majibu ya kompyuta kwenye karatasi.

Hii ndiyo hali inayoitwa `auto`. Programu nyingi zina chaguo tatu: `--color=auto`, `--color=always` na `--color=never`. Ubuntu hukuwekea `ls --color=auto` katika faili la mipangilio la `.bashrc` bila kukuuliza. Git iliifanya `auto` kuwa hali yake ya kawaida kuanzia toleo la 1.8.4, mwaka 2013. Kabla ya hapo ilibidi uiambie mwenyewe. Mtego mmoja wa kukumbuka: ukiandika `ls --color` bila kitu mbele yake, `ls` ya GNU inasoma `always`, si `auto`. Wengi hawalijui hili mpaka wapitishe majina ya faili kwenye amri nyingine, iambiwe kwamba faili halipo ilhali wanaliona kwa macho yao. Faili lipo. Jina lililotumwa ndilo lina mkia wa baiti za rangi.

Na ndivyo ilivyokuwa pale Upper Hill. Skripti ya alfajiri iliendeshwa na cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, na cron haina terminali. Kwa `auto` ripoti ingetoka safi. Lakini jamaa mmoja wa timu yetu alikuwa ameikagua jioni iliyotangulia, akaipitisha kwenye `less`, programu ya kusoma maandishi ukurasa kwa ukurasa, ili aisome polepole, rangi zikapotea. Zilipotea kwa sababu mbele ya `less` kuna | na programu ikaona kwamba haizungumzi na terminali. Akaweka `always`. Kwanza `less` ikamwonyesha ESC[31m waziwazi, akaongeza `-R`, inayoiambia `less` ipitishe rangi, nyekundu ikarudi, akafunga kompyuta akaenda nyumbani. Simlaumu sana. `auto` inamtazama jirani wa karibu tu. Haiwezi kujua kwamba nyuma ya `less` ameketi binadamu anayetaka rangi. Git imeshughulikia hili kwa kuwa yenyewe ndiyo inayoita `less`, kwa hiyo inajua mwisho wa mfereji kuna mtu. Programu nyingine hazina bahati hiyo.

Ripoti ile ilikuwa na tatizo la pili ambalo mhasibu alilitaja baadaye, kama mtu anayetaja kwamba licha ya gari kukosa breki, redio nayo haishiki vizuri. Safu za jedwali zilikuwa zimepinda. Fungua nyekundu ni baiti tano, funga ni baiti nne, jumla tisa. Ukiiambia `printf`, amri ya kupanga maandishi, ilipe neno nafasi ya herufi 20, yenyewe inazihesabu hizo tisa pia kama herufi, kwa hiyo neno lililopakwa rangi linapata nafasi ya kujaza iliyopungua kwa tisa. Kwenye terminali safu zinasogea kushoto, na kila mstari mwekundu unakaa kombo na wenzake. Dawa ni kupima upana kwanza, ujaze nafasi, ndipo upake rangi. Bash, programu inayopokea amri zako kwenye terminali, ina ugonjwa huo huo kwenye alama ya kukaribisha amri: ukiweka rangi ndani ya PS1, kigeu cha alama hiyo, bila kuizungushia `\[` na `\]`, inakosea kuhesabu mstari unaishia wapi, na ukiandika amri ndefu maneno yanarudi kuandikwa juu ya yale ya mwanzo. Nimeona watu wakibadilisha terminali nzima kwa sababu ya alama hizo mbili.

Hapo ndipo watu husema: basi tenganisheni rangi na maneno. Hoja ina sura nzuri, na Windows iliijaribu kwa muda mrefu. Kule programu haikuchomeka baiti. Iliita kazi ya mfumo, `SetConsoleTextAttribute`, ikasema kuanzia sasa andika kwa nyekundu, kisha ikaandika. Maneno yakabaki maneno. Lakini rangi hiyo haikuweza kutoka nje ya mashine. Haisafiri na ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, haipiti |, haihifadhiki kwenye faili hata pale unapotaka ihifadhike. Windows 10 ilipofika ikaanza kuelewa baiti 27 kama wenzake, na leo Microsoft wenyewe wanawashauri waandishi wa programu mpya watumie maagizo hayo badala ya njia yao ya zamani. Mimi nimeshatulia upande huu. Nikiwa Nairobi na seva iko Cape Town, rangi zinanifikia kwa sababu ni baiti tu kama nyingine zote. Waya haujui kwamba umebeba nyekundu. Uchafu kwenye barua pepe ya mhasibu na urahisi ninaoupata kwenye ssh vinatoka chungu kimoja. Nausumbukia uchafu, lakini siutaki usafi wa Windows.

Kuna uchafu mmoja ambao siuchukulii kirahisi hivyo. Baiti 27 haiulizwi imetoka kwa nani. Mtu akituma ombi kwa seva yako ya tovuti akiwa ameficha maagizo ndani ya jina la kivinjari chake, na seva ikayaandika kwenye kumbukumbu zake kama yalivyo, siku utakayofungua faili hilo kwa `cat`, amri ya kumwaga faili zima kwenye skrini, terminali yako itayatii. Si rangi pekee: kuna maagizo ya kusogeza kasa juu na ya kufuta mstari, kwa hiyo mstari unaomshtaki mtu unaweza kufutwa mbele ya macho yako ilhali kwenye faili bado upo. Kumbukumbu za wageni zisome kwa `less` bila nyongeza yoyote, au kwa `cat -v`, ambayo inaandika ^[[31m badala ya kutii.

Turudi kwa macho, maana rangi mwishowe ni ya macho. Jua la Nairobi saa nane mchana halina huruma. Stima ikipotea, nami nikihamia barazani na laptopu ambayo betri yake bado inajikaza, skrini nyeusi inageuka kioo. Ninachokiona ni uso wangu na kamba za nguo. Inabidi nibadilishe kuwa maandishi meusi juu ya nyeupe. Hapo ndipo unajua nani aliwaza na nani hakuwaza. Maonyo yaliyoandikwa kwa 33, njano, yanatoweka juu ya nyeupe kama hayajaandikwa. Ukirudi ndani kwenye nyeusi, ni zamu ya buluu: ile 34 ambayo `ls` huipa folda haisomeki kwenye skrini nyingi, hata ikiongezwa uzito. Projekta ya chumba cha mikutano inaua vyote viwili. Na kuna seti maarufu ya rangi iitwayo Solarized, ya mwaka 2011, ambayo katika toleo lake la giza ile inayoitwa nyeusi angavu imefanywa sawasawa na rangi ya nyuma ya skrini. Programu inayoandika maelezo ya ziada kwa kijivu hicho inaandika hewani. Ukiangaza mstari kwa kipanya ndipo maneno yanajitokeza.

Zaidi ya hapo kuna watu ambao nyekundu na kijani kwao ni karibu kitu kimoja. Miongoni mwa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni mwanaume 1 hivi kati ya 12. Programu inayoandika jina la jaribio kwa kijani likipita na kwa nyekundu likianguka, bila neno lolote la ziada, haijamwambia mtu huyo chochote. Hapa `git diff`, inayoonyesha mistari iliyobadilika, inastahili pongezi: nyekundu na kijani zipo, lakini kila mstari unaanza na alama ya kutoa au ya kujumlisha. Zima rangi zote na hukupoteza kitu. Ripoti yetu ya alfajiri nayo, kwa kweli, ilipita mtihani huu. Neno HAUJALINGANA lilitosha kabisa. Rangi ilikuwa ya nani, saa kumi na moja alfajiri, kwa barua itakayosomwa na mtu mmoja?

Asiyetaka rangi kabisa ana njia. Tangu 2017 kuna makubaliano yanayoitwa NO_COLOR: ukiweka kigeu hicho katika mazingira yako kikiwa na thamani yoyote isiyo tupu, programu inayoheshimu makubaliano haipaki rangi yenyewe bila kuombwa. Hata `NO_COLOR=0` maana yake ni usipake, jambo linalowakera wengi lakini mimi naona ni sawa; kigeu kipo au hakipo, hakuna mjadala. Hakuna shirika lililolazimisha. Orodha ya programu zinazolitii imekuwa ndefu, na Python ilipoanza kupaka rangi taarifa zake za makosa katika toleo la 3.13, Oktoba 2024, ilikuja ikiwa tayari inalielewa.

Upande wa pili kuna FORCE_COLOR na kaka yake mkubwa CLICOLOR_FORCE, kwa wale wanaotaka rangi hata pale ambapo hakuna terminali. Msiwacheke. Mashine zinazojenga na kujaribu programu hazina terminali, lakini kurasa zake za kivinjari zinazijua baiti 27 na kuzionyesha kwa rangi. Ukitafuta kosa moja ndani ya maelfu ya mistari, nyekundu inakuokolea jioni.

Tatizo linakuja vikikutana. Kazini sasa hivi tuna mashine ya kujengea ambayo mtu wa miundombinu aliiwekea NO_COLOR ili kumbukumbu zihifadhiwe safi, na timu ya tovuti ikaweka FORCE_COLOR ndani ya mradi wao. Hatua ya Python inatoka bila rangi, kwa sababu Python inaipa NO_COLOR kauli ya mwisho. Hatua ya Node, programu ya kuendesha JavaScript, inatoka na rangi zote, kwa sababu Node inaipa FORCE_COLOR, na juu yake inaandika onyo kwamba NO_COLOR imepuuzwa. Onyo lenyewe linaingia kwenye kumbukumbu kila mara kazi inapoendeshwa. Nimependekeza tuondoe vyote viwili, kila hatua iandikiwe `--color` yake waziwazi, na baiti za rangi zichujwe kwa `sed`, amri ya kuhariri maandishi, mahali pamoja tu, pale faili linapoingia kwenye hifadhi. Timu ya tovuti wamekubali. Mtu wa miundombinu anasema atafikiria.